Barua Moja kwa Kila Nyumba

Kabla sijasimulia habari za Monica, niseme kwamba kosa lilikuwa langu. Nalisema mapema kwa sababu hapa Moshi kisa hiki kimeshapita midomo mingi, na wapo wanaoapa kuwa kompyuta ndiyo iliyokosea, na wengine, Mungu awasamehe, wanamtaja Monica. Kompyuta iliuliza swali, nami nikalijibu. Monica siku hiyo alikuwa msibani Kibosho, hakugusa hata kitufe kimoja.

Mimi ni Martha, Mama Daniel kwa wanaonifahamu, na duka lilikuwa langu. Lilikuwa mtaa wa nyuma ya soko, nikaliita Acha Tukuuzie. Tuliuza mali kauli: mtu analeta kitu chake, anakiacha kwetu, kikipata mnunuzi tunakata chetu naye anachukua chake. Ilikuwa miaka ile kahawa ilipoanguka bei mpaka watu wakang'oa mibuni wakapanda nyanya, kwa hiyo kila wiki vitu viliteremka kutoka mlimani. Makabati, redio, suti za harusi zilizovaliwa mara moja, hata kinanda cha kwaya moja ambayo sitaitaja. Sikuhangaika kutafuta mali, mali ilinifuata yenyewe, na siku nyingine niliona aibu kuipokea.

Monica Remigius naye aliletwa na kitu cha kuuza. Alikuwa mpiga chapa wa ofisi moja ya ushirika wa kahawa kwa miaka kumi na minne, na kazi yake kubwa ilikuwa kuchapa bahasha za wakulima. Mwaka 1994 wakapunguza wafanyakazi, wakamuaga kwa soda, hotuba na saa ya ukutani. Saa hiyo ndiyo aliyoniletea. Nilikuwa naandika anwani yake kwenye daftari langu, akaniangalia, akashindwa kuvumilia.

"Dada, namba ya sanduku hukuiweka," akasema. "Na jina la mtu haliandikwi hivyo. Hebu nipe hiyo kalamu."

Akaandika yake, kisha akarekebisha na za watu wawili waliomtangulia, bila kuwauliza chochote. Jioni ile aliondoka na kazi. Saa haijapata mnunuzi mpaka leo, na sitaki ipate.

Alikuwa mwanamke mwembamba wa maneno machache, anakaa chumba cha kupanga Majengo, hana mume, na sweta lake moja la kijivu alilivaa hata Februari. Ila umtajie jina la kijiji, atakutajia namba ya sanduku la posta kabla hujafunga mdomo. Na hili la masanduku lazima nilieleze, maana ndilo lililotutoa jasho. Watu wa mlimani hawaletewi barua mlangoni. Nani ampeleke tarishi kwenye migomba? Barua zao huja kwa sanduku la kanisa, la shule au la zahanati. Usharika mmoja wa Old Moshi ulikuwa na sanduku moja, na wateja wangu thelathini na mmoja walikuwa ndani yake. Kila Ijumaa asubuhi mwinjilisti Efraimu alishuka posta kulifungua, na Jumapili baada ya ibada alisimama kwenye ngazi za kanisa akiita majina. Asiyekuwepo, jirani yake humpokelea. Barua ilikuwa haipotei hata kidogo.

Agosti ya mwaka 2001 akaja Mama Elinipendo, mjane wa Old Moshi, na cherehani cha miguu nyuma ya pikapu. Alikuwa fundi. Nusu ya watoto wa mlima ule waliingia darasa la kwanza wamevaa sare zake. Lakini alishuka kwenye gari akipapasa, kwa kuwa mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na miaka mitatu ilikuwa imepita hajashona wala kusoma.

"Nakiuza nipate cha kutibia macho," akatuambia. "Mjue mimi si mwehu. Nikitibiwa nitakuwa sina cherehani, nisipotibiwa ninacho na sikioni. Nifanyeje?"

Akaendelea kusema kwamba akina mama wa usharika walikuwa wanatafuta njia ya kumsaidia, na njia ikipatikana kabla cherehani hakijaondoka, atakuja kukichukua mwenyewe. Kisha akaushika mkono wa Monica.

"Usiniandikie mpaka kiuzwe, mwanangu. Nikikaa bila barua nitajua bado kipo, nitalala usingizi. Barua ikija nitajua kimekwenda."

"Nimesikia, mama," Monica akasema. "Hakiondoki kimya kimya. Nakuahidi."

Mimi nilikuwa nasikiliza kwa sikio moja, nakifuta vumbi. Kilikuwa cherehani kizuri, mbao zake zinang'aa, na droo mbili upande wa kulia.

Sasa kompyuta. Kaka yangu Sylvanus yuko Marekani, na huko alikuwa akifanya kazi katika duka linalouza vitu vya watu kama langu. Lilipofungwa, akanitumia kompyuta yao pamoja na printa ya kugonga na maboksi ya lebo, zile karatasi za kubandika zenye matundu pembeni. Ndani ya kompyuta mlikuwa na programu ya mali kauli kamili. Inajua nani kaleta nini na lini, ukiitaka ikuchapie anwani za wateja wote inachapa, unabandua, unabandika kwenye bahasha, basi. Monica aliogopa siku mbili, siku ya tatu akaizoea, ya nne akaanza kuisema. Ilimdai jina la mtaa na namba ya nyumba, naye akaijazia sanduku la posta. Ilimdai namba tano za mkoa, akaipa sifuri tano.

"Inadhani sote tunakaa barabarani," akasema.

Nilicheka. Laiti ningefikiri badala ya kucheka.

Novemba mwenye nyumba akanitaka nihame ifikapo nusu ya Desemba. Nikapata chumba mtaa wa Soweto, hapa hapa Moshi, kidogo kiasi kwamba ukiingiza kabati wewe unatoka. Nikapatana na Filbert, mfanyabiashara wa Arusha, tukaandikiana: Jumanne tarehe 11 Desemba, saa tatu asubuhi, atanunua na kubeba kila kitu ambacho mwenyewe hajaja kukichukua. Filbert alizunguka duka zima akinung'unika, alipofika kwenye cherehani akanyamaza. Nilijua hapo hapo kuwa anachukua takataka nyingine zote kwa ajili ya kile.

"Na cha Mama Elinipendo?" Monica akauliza alipoondoka.

"Ataandikiwa kama wengine. Akija, chake. Asipokuja nifanyeje? Nikimwekea mmoja nimewakosea mia mbili."

"Atakuja," akasema. "Ila barua nitaiandika mimi, nimweleze vizuri kwamba hakijauzwa."

Akaandika barua moja ya wote na moja ya Mama Elinipendo, akanunua stempu mia mbili na kumi na nne, moja kwa kila mteja. Kesho yake baba yake mdogo akafariki, akapanda Kibosho. Nikabaki mimi na kompyuta.

Wala haikunisumbua. Nilibonyeza pale penye lebo, ikaniuliza kwa Kiingereza kama nataka barua moja tu kwa kila nyumba, niokoe stempu. Nani asingetaka? Baba, mama na bibi nyumba moja, barua tatu za nini? Nikajibu ndiyo. Printa ikalia, ikanyamaza mapema kuliko nilivyotarajia, nikaisifu kwa kasi yake. Nilibandika lebo na stempu huku naimba, nikaweka barua ileile katika bahasha zote, maana ile ya Mama Elinipendo wala sikuikumbuka, nikapeleka posta mfuko mzima. Stempu zilizobaki nikazitia kwenye droo. Nilijiona mtu wa maendeleo.

Monica alirudi Jumatano, tarehe 5 Desemba. Alipofungua droo kutafuta kalamu, akasimama na zile stempu mkononi.

"Mama Daniel, hizi mbona zimebaki?"

"Kompyuta imetuokolea," nikasema.

Akazihesabu. Mia moja na kumi na nane. Akaniuliza ni nani na nani wamekuja kuchukua vitu vyao. Nikamwambia wa mjini karibu wote, na wa mlimani wachache wachache: Mzee Aminieli wa ule usharika wa Old Moshi, na Beatrice wa upande wa shule.

"Aminieli," akasema polepole. "Beatrice. Hakuna Gladness? Hakuna Shedrack? Mama Daniel, wamekuja wa mwanzo wa orodha peke yao. Iliuliza nini hii mashine?"

Nilipomweleza, akakaa chini. Mimi bado nilikuwa sijaelewa, na kwa kuwa nilikuwa sijaelewa nikawa mkali, ndivyo nilivyo. Nikamwambia asinitishe, mashine ya Marekani haiwezi kukosea hesabu.

"Haikukosea," akasema. "Kwake sanduku ni nyumba. Umeiambia kila sanduku barua moja. Watu thelathini na mmoja wa usharika, imemwandikia wa kwanza, wengine imewaacha. Mama Elinipendo hana barua. Amekaa kule anajua kipo salama."

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini hawakusema kujibu bila kuelewa ni nini. Ni ujinga. Nilitamani ardhi ipasuke, halafu nikakumbuka kuwa kujuta hakubandiki lebo.

Monica alikuwa ameshapiga hesabu. Efraimu angefika posta Ijumaa asubuhi. Akikosa barua Ijumaa ile, hakuna Jumapili nyingine kabla ya Jumanne ya Filbert. Tukawasha kompyuta, na umeme ukakatika. Ilikuwa zamu ya mgao ya upande wetu. Nililia kidogo, sitaficha, nikiwa nimekaa juu ya kinanda cha kwaya.

Umeme ulirudi Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Monica akakaa kitini, akafika kwenye lile swali, akaninyooshea kidole nilisome kwa sauti. Nikalisoma.

"Jibu," akasema.

"Hapana," nikasema, naye akabonyeza.

Printa ikaanza. Lakini utepe wake ulikuwa umechoka, majina yakatoka kama yameandikwa kwa maji ya mchele. Mimi ningeyaacha hivyo hivyo. Monica akaisimamisha.

"Efraimu anasomea ngazini, jua linampiga usoni. Akishindwa kulisoma jina analirudisha mfukoni."

Alitoa ule utepe, akafungua kidau cha wino wa mhuri, akaupaka wote kwa unyoya wa kuku, pole pole, kama walivyofanya ofisini kwao wino ulipokuwa haupatikani. Vidole vyake vilibaki na buluu mpaka Krismasi. Lebo zilipotoka safari hii zilikuwa nzito, nyeusi kwa buluu, unazisoma ukiwa mlangoni. Tulibandika mpaka saa kumi na moja jioni, yeye akizipanga kwa masanduku, nami nikilamba stempu mpaka ulimi ukafa ganzi. Barua ya Mama Elinipendo aliitia mwenyewe kwenye bahasha yake. Sikuthubutu kuigusa.

Ijumaa saa mbili asubuhi Monica alikuwa kwenye masanduku ya posta. Nyingine alizitumbukiza, watu wa posta wakamhakikishia kuwa watazigawa asubuhi ile ile. Za usharika alimsubiri Efraimu akamkabidhi mkononi, zikiwa na stempu zake zote, maana alisema barua isiyo na stempu ni uvumi. Efraimu alikuwa na haraka ya mazishi, akazitia kwenye begi akaondoka.

Jumatatu walishuka. Jamani, walishuka! Kina Gladness, kina Shedrack, wazee wenye fimbo, akina mama wenye kanga za kubebea redio. Wengine walikuwa wakali, wengine waliniletea parachichi. Kila kitu kilichotoka mlangoni kilinipunguzia mzigo kifuani, hata kinanda kilipoondoka kikibebwa na masoprano wanne. Nilikuwa nacheka peke yangu. Lakini Monica kila mara aliangalia mlango, kisha akaangalia kona ya cherehani. Jioni duka lilikuwa karibu jeupe, na cherehani kilikuwa pale pale.

Jumanne saa mbili na nusu akaja mama mmoja wa Old Moshi aliyechelewa, kufuata saa yake. Monica akamuuliza kama Mama Elinipendo alipata barua.

"Mbona alipata! Efraimu alimtia mkononi. Aliishika hivi, akaitazama, akaikunja akaiweka kwenye Biblia, akaondoka bila kusalimia mtu. Kanga ameivuta mpaka kwenye paji la uso."

Monica akanigeukia.

"Hajaifungua," akaniambia. "Mama Daniel, mimi mwenyewe nilimwahidi. Barua kwake maana yake kimeuzwa."

Ni mimi niliyefikiri kwanza kumpigia simu, kabla sijakumbuka kuwa kule migombani hapakuwa na simu ya kupigia. Na wakati tunaangaliana, lori la Filbert likarudi nyuma mpaka mlangoni. Saa tatu kasoro kidogo. Mtu wa Arusha akikosea, anakosea kwa kuwahi.

Alipakia viti vibovu na masufuria, kisha akaja kwenye kona. Monica alikuwa ameshakaa. Alikuwa amechukua pazia jipya la chumba cha Soweto, amelilaza chini ya sindano, anakanyaga. Hajui kushona. Mshono ulikwenda Rombo ukarudi.

"Dada, shuka nipakie," Filbert akasema.

"Namalizia pindo."

"Pindo gani? Mama Daniel, tuliandikiana!"

"Tuliandikiana saa tatu," nikasema. Sauti yangu mwenyewe ilinishangaza. "Na saa tatu bado. Tazama ukutani."

Saa ya Monica ukutani ilikuwa imesimama kwenye saa mbili na dakika ishirini tangu mwaka 1994. Filbert aliitazama, akanitazama, akatoka kuvuta sigara. Nilijua hiyo nafasi ni ya sigara moja. Nilijua pia nimesaini, na kwamba akirudi sitakuwa na la kusema. Monica alikanyaga tu, cherehani kikilia duka zima, machozi yanamtiririka juu ya pazia.

Mtu akasimama mlangoni. Nilidhani ni Filbert.

Alikuwa Mama Elinipendo, amevaa gauni la kanisani, na miwani mikubwa myeusi ya hospitalini. Hakutupa salamu. Alisimama kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza.

"Hicho ni changu," akasema. "Hicho kikifika kwenye nundu ya mshipi kinakohoa. Nani anakishona vibaya hivyo?"

"Shikamoo mama," Monica akasema, na hakuacha kukanyaga, nadhani aliogopa akiacha kitaondoka.

"Marahaba. Nimekuja kuchukua kilichopatikana, na kukiaga kama aliyekinunua hajakibeba." Akatoa Biblia mkobani, na ndani yake bahasha, haijafunguliwa, pembe zote nne nzima. "Daktari wa kambi ya macho alinipasua Novemba, akina mama walichanga. Akanizuia vumbi la safari mpaka jana. Jumapili Efraimu alipoita jina langu nikaitazama hii barua, nikajisoma. Elinipendo. Usharika. Sanduku. Miaka mitatu sijasoma neno, mwanangu, na neno la kwanza nililosoma ni jina langu kwenye barua ya kuuziwa cherehani. Ningeifunguaje?"

"Ifungue sasa," Monica akasema. "Mama, ifungue usome."

Aliifungua kwa ukucha, taratibu, bila kuigusa lebo. Akaipandisha miwani kwenye paji la uso, akasogea kwenye mwanga wa mlango, na midomo yake ikaanza kutembea. Monica alikuwa ameandika mistari miwili tu. Cherehani chako hakijauzwa. Njoo ukichukue kabla ya Jumanne saa tatu.

Aliisoma mara mbili. Kisha akakaa kwenye sakafu yangu isiyofagiwa, na gauni lake la kanisani, akasema kwa Kichaga, "Mae! Mae wee!" akicheka na kulia, na Monica akashuka akakaa naye. Mimi nilikaa vilevile. Nilijisikia mwepesi hata nikaogopa kusimama.

Filbert alirudi akatukuta watatu sakafuni. Sikumpa nafasi.

"Mwenyewe huyu hapa," nikamwambia. "Ndivyo tulivyoandikiana."

Alitazama cherehani kwa muda mrefu, kisha bibi mwenye miwani, kisha akavua kofia. "Shikamoo mama," akasema. Ndiye aliyemsaidia kukipandisha kwenye gari la kwenda Old Moshi, na sikumsikia akinung'unika.

Kabla hakijapanda, Mama Elinipendo alirudi kuchukua bahasha yake, akakwaruza ukingo wa lebo kwa ukucha.

"Hiki kikaratasi kinabanduka?"

"Kinabanduka," Monica akasema.

Akakibandua chote bila kukichana, akakibandika juu ya droo ya kwanza, akakisugua kwa kidole gumba mpaka kikashika mbao. Akarudi nyuma hatua mbili, akavua miwani, akasoma kwa sauti, kama Efraimu kwenye ngazi: jina lake, usharika wake, sanduku lao.

"Aika," akamwambia Monica, yaani asante. "Sasa hata mkitaka kukiuza, mtaniuzia mimi."